Mwandiko wa Mkono wa Kushoto

Jina lake halimo kitabuni. Kwa kuwa halimo, Ijumaa saa sita mchana awe ameshatoka kotani, yeye na mumewe na kila kilicho chao.

Barua ya halmashauri ilibandikwa mlangoni kwa gundi, mtu asije akaibandua akasema hakuiona. Ilieleza kwamba kota za hospitali zinavunjwa, isipokuwa safu moja ya vyumba sita, iliyoachiwa waasisi wa mgomo wa wafuaji "kama walivyotajwa katika kitabu cha historia ya chama". Mwenye pingamizi afike mbele ya kamati Alhamisi. Ushahidi wa mdomo haupokelewi.

Mama Mashuka, mfuaji wa zamani wa hospitali hiyo, aliisoma mara tatu, kisha akaingia ndani kumgeuza mumewe ubavu wa pili.

Mumewe alikuwa mbeba machela wa hospitali hiyohiyo, mpaka kiharusi kilipomwangusha ngazini. Mwaka wa nne sasa yuko kitandani. Mgongoni ana kidonda cha ukubwa wa kiganja. Kila asubuhi Mama Mashuka humpakia kwenye toroli kuukuu la kubebea nguo chafu, akavuka naye barabara, na wauguzi wanakisafisha bila maneno mengi kwa sababu wanamjua. Toroli lile haliwezi safari ndefu kuliko hiyo. Yeye mwenyewe pia hawezi, magoti yameisha.

"Wameandika nini?" mumewe aliuliza. Mdomo wake ulikwenda upande, lakini mkewe alimwelewa.

"Wanataka tuhame."

"Waambie nimelala."

Walicheka. Kisha mume akauliza tena, taratibu, "Wanataka tuhamie wapi?" Mama Mashuka akajifanya anatafuta kitambaa.

Kitabu aliazimwa na muuguzi. Kiliandikwa na msomi wa chuo kikuu aliyekuja miaka miwili nyuma, mtu mpole wa miwani. Wafuaji walipoambiwa ni daktari walianza kumwonyesha miguu yao iliyovimba. "Mimi ni daktari wa historia," alisema. "Kwani historia nayo inaumwa?" wakamwuliza. Mama Mashuka hakumwona. Wiki zile alikuwa wodini na mgonjwa wake.

Sasa alifungua kitabu, akakuta maneno yake mwenyewe. *Mjumbe mmoja alisema tangi la maji ya moto limeripotiwa mara saba na hakuna aliyekuja kulitazama. Mjumbe mmoja alisema akiungua mwingine tutamlaza juu ya meza ya mganga mkuu.* Mjumbe mmoja huyo alikuwa yeye. Aliyeyaandika alikuwa yeye vilevile, kwani ndiye aliyekuwa katibu wa tawi.

Wakati ule msimamizi alifukuza wafuaji watatu kwa sababu tu majina yao yalionekana kwenye karatasi. Tawi likaweka sharti. Katika kumbukumbu za vikao wataandikwa kwa majina watu watano tu, wale waliokaa mezani na wakubwa, maana hao walishajulikana. Wengine wote ni mjumbe mmoja. Na katibu aandike kwa mkono asioutumia, kwa kuwa msimamizi alikuwa akilinganisha miandiko na daftari la mahudhurio. Mama Mashuka akajifunza kuandika kwa kushoto. Alifanya mazoezi wiki mbili, kwa mkaa, kwenye ukuta wa choo. Siku msimamizi alipookota karatasi moja ya kikao, aliwaita wafuaji thelathini waandike mbele yake mmojammoja, na hakumpata mtu. Wafuaji walicheka wiki nzima.

Chini ya ukurasa msomi aliongeza maelezo: *Kumbukumbu hizi ziliandikwa na kuhifadhiwa kwa ujasiri na mwenyekiti wa tawi mwenyewe.*

Mwenyekiti wa wakati ule sasa ni diwani. Katika wale watano, ndiye pekee aliye hai.

Mama Mashuka alimfuata ofisini kwake.

"Shemeji! Karibu, karibu. Mzee wangu anaendeleaje?"

"Amelala. Mwenyekiti, kitabu kinasema zile kumbukumbu uliandika wewe."

"Wasomi bwana. Wanaandika wanavyosikia."

"Walisikia kwa nani?"

Diwani alisogeza kikombe chake cha chai kutoka kulia kwenda kushoto, kisha akakirudisha.

"Niandikie mistari miwili tu," Mama Mashuka alisema. "Useme katibu nilikuwa mimi. Daftari la vikao nilikupa uniwekee nilipolazwa. Basi."

"Nikiandika hivyo si watu watasema nilidanganya?"

"Kwani hukudanganya?"

Diwani alicheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. "Shemeji, hujabadilika hata kidogo. Sikiliza. Njoo kesho kwenye kamati, daftari litakuwepo. Ukithibitisha mwandiko ni wako, mimi sina neno."

"Unajua niliandika kwa mkono gani. Unajua na uliko sasa."

"Yale mambo ya zamani," alisema diwani, akasimama kumfungulia mlango.

Kwenye kamati walikuwa watatu: afisa nyumba, diwani, na msomi aliyeitwa kama mtaalamu. Daftari lilikuwa mezani ndani ya mfuko wa plastiki, jalada limeliwa na mende. Mama Mashuka hakuwa ameliona kwa miaka ishirini na miwili. Alitaka kuligusa. Afisa nyumba akalivuta upande wake.

"Andika hapa, mama. Chochote."

Aliandika kwa kulia: *Tangi limeripotiwa mara saba.* Herufi zake zilikuwa za duara, zimeinamia mbele. Za kwenye daftari zilikuwa kubwa, zimelalia nyuma kama uzio unaotaka kuanguka.

"Hazifanani," alisema afisa nyumba.

"Kikao niliandika kwa kushoto."

"Basi andika kwa kushoto. Kuna watu kumi na wawili nje."

Mama Mashuka alitoa mkono wa kushoto ndani ya mtandio, akauweka mezani. Kilikuwepo kidole cha mwisho na kinachokifuata. Vingine vilikwenda na rola za chuma za mashine ya kunyoosha mashuka.

Msomi aliinama kuutazama. "Iliukata lini?"

"Mwezi wa tano baada ya mgomo kwisha. Kipengele cha tisa cha mapatano ya mgomo, mashine ifungwe kizuizi cha kukinga mikono. Kimo kwenye kitabu chako, ukurasa wa sitini. Umeandika kilitekelezwa."

"Mheshimiwa ndiye aliyeniambia kilitekelezwa."

Wote wawili walimgeukia diwani.

"Kiliagizwa," alisema diwani.

Afisa nyumba akatazama saa.

"Fungeni daftari," Mama Mashuka alisema. "Nitakisema kikao cha tatu chote, neno kwa neno. Nani alisimama, nani alilia."

"Mama, kitabu kimechapishwa. Mtu yeyote anaweza kukikariri."

"Nani alilia, hilo halimo kitabuni."

"Kama halimo tutajuaje kuwa ni kweli?"

Alichukua kalamu, akaibana katikati ya vile vidole viwili. Ikaanguka. Diwani aliinama kuiokota, akamrudishia kwa mikono miwili. "Taratibu, shemeji. Usiwe na haraka." Mara ya pili aliisukuma kwa mfupa wa kiganja, jasho likimtoka juu ya mdomo, akapata T. Ilifanana na mkwaruzo wa kuku. Afisa nyumba, kwa haki kabisa, aliisogeza kando ya daftari, akavaa miwani, akazilinganisha.

"Herufi moja haitoshi," alisema.

Msomi alimfuata ukumbini. Alikuwa amefadhaika kweli, hata kalamu alisahau kuifunika. "Mama, mimi nakuamini. Toleo la pili likitoka nitarekebisha."

"Litatoka lini?"

"Halmashauri ikipata fungu."

"Mume wangu anahitaji kitanda kesho, mwanangu."

Msomi aliomba ampige picha mkono. Mama Mashuka akaurudisha ndani ya mtandio, akaenda kufunga vyombo.

Ijumaa walihamia kwa mdogo wake, ng'ambo ya pili ya mji, kwenye kibaraza kilichozungushiwa mabati. Vyombo vilikwenda kwa safari mbili za toroli, mdogo wake akisukuma. Safari ya tatu, ya mgonjwa, gurudumu lilichomoka mbele ya kiwanda cha mbao, na vibarua wanne wakambeba juu ya ubao hadi mwisho wa njia. Mumewe, aliyebeba watu miaka kumi na tisa, aliwaelekeza njia nzima namna ya kukata kona.

Kota zilivunjwa mwezi uleule. Safu ya waasisi ilipakwa rangi, ikawekewa kibao. Wanne kati ya waliotajwa walikuwa kaburini na wa tano ana nyumba ya ghorofa. Vyumba sita, makufuli sita.

Kutoka kibarazani hadi wodini ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, nao hawakuwa na toroli. Wiki ya kwanza alipata watu wa kumsaidia, akamfikisha mara nne. Wiki ya pili mara mbili. Wiki ya tatu mara moja, na muuguzi alipofungua kitambaa aliharakisha kukifunika kidonda tena na kuuliza kama kuna mtu mwingine wa familia wa kuzungumza naye. Wiki ya nne haikufika mwisho. Mumewe alikufa siku ya ishirini na tatu, Jumamosi, akiwa amelalia ubavu wa kulia.