Vitenge Vikate Njia

Mume wangu Filipo alikuwa na ombi moja tu kwenye harusi ya binti yetu Severina: ampeleke kanisani mwenyewe, kwa miguu yake, kutoka getini mpaka mbele ya mchungaji. Kwa baba mwingine hilo ni ombi dogo. Kwa Filipo, mwenye ugonjwa wa Parkinson, lilikuwa kubwa kuliko harusi yenyewe.

Miguu yake haina kilema. Atakwenda vizuri, halafu akifika mlangoni au penye watu wengi, nyayo zinaganda chini kama zimepigiliwa misumari. Hapa Iguguno yamesemwa yote. Wapo waliosema amelogwa, wapo waliosema ni pombe, na maskini ya Mungu pombe hajaionja tangu aokoke. Mdogo wake, shemeji yangu Elisha, yeye hakujiunga na maneno hayo. Alishonesha suti.

"Najiandaa tu, shemeji," aliniambia. "Kaka akikwama, mtoto atasimama pale njiani mpaka lini?"

Nilimjibu akae na suti yake benchi la nyuma. Nilikasirika kwa sababu alichosema kilikuwa na ukweli, na ukweli wa namna hiyo mimi siupendi.

Basi nikampeleka Filipo Singida Mjini kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja anaitwa Saada. Alitupa shikamoo zetu, kisha akamwomba Filipo apite mlangoni. Akakwama palepale. Nikamshika mkono nimvute kama nilivyozoea.

"Mama, usimvute," Saada akasema. "Ukimvuta ndiyo unazidi kumkwamisha."

Akabandika vipande vya utepe mweupe sakafuni, vimekata njia kama ngazi iliyolazwa chini. "Baba, sasa usifikirie kutembea. Vuka mstari tu."

Filipo akavuka. Akavuka na wa pili. Akapita mlango, akatokea kule kwenye korido, akageuka kunitazama macho yamemtoka! Nilipiga kelele mpaka wagonjwa wakachungulia.

"Ndani kabisa ya ubongo," Saada alitueleza, "kuna sehemu inayoendesha mwendo bila wewe kufikiri. Kwa baba sehemu hiyo imepungukiwa na kemikali inayoitwa dopamini, ndiyo maana amri ya kutembea inakwama. Lakini jicho likiona mstari, sehemu nyingine za ubongo zinaamka na kuuamrisha mguu. Barabara kuu imefungwa, gari linapita mchepuko."

Mimi ni mke wa mtu, na neno mchepuko silipendi. Siku ile nililipenda.

Alituonya kwamba hiyo si tiba, na vidonge Filipo aendelee kumeza kwa saa zake. Sawa. Tuliporudi nilipanga mabua ya mtama kutoka kitandani hadi uani, na kila siku alikuwa anayavuka huku ananitania kwamba nimemgeuza mbuzi wa kuruka uzio. Asubuhi ya harusi nikaenda kanisani mapema na kopo la chokaa, nikachora mistari kutoka getini mpaka mlangoni. Nikakimbia nyumbani kumvalisha binti.

Tuliporudi na bibi harusi, roho ilinipasuka. Mawifi zangu walikuwa wametandika vitenge njia nzima, kimoja kimefuata kingine, vimenyooshwa mpaka havina hata kunyanzi. Ndiyo heshima yetu: baba wa binti hakanyagi vumbi siku hiyo. Hakuna mstari hata mmoja ulioonekana.

Filipo alimshika Severina mkono, akakanyaga kitenge cha kwanza, akakwama. Nyayo hazikwenda. Vigelegele vikafifia. Watu wakaanza kumhimiza, "Twende baba, twende!" na kila sauti ilimgandisha zaidi. Severina akasema taratibu, "Baba, mimi sina haraka." Nyuma yao nikamwona Elisha anafunga kifungo cha koti.

"Selina," Filipo akaniita. "Mistari iko wapi?"

Niliinama nikafunua kitenge. Chokaa yote ilikuwa imefutika kwa kuburuzwa nguo juu yake. Wifi yangu mkubwa, Mughwai, akanidaka mkono.

"Unamtandulia kaka yangu mbele za watu? Tumekukosea nini?"

"Wifi, kwa heshima yako, sitandui! Nageuza! Vikate njia, visiifuate! Kikunje kitenge kiwe chembamba, ukilaze mbele ya mguu wake, avuke!"

Mughwai alinitazama kana kwamba nina kichaa. Kisha akamtazama kaka yake, jasho linamtiririka shingoni. Akapiga magoti na gauni lake jipya, akakunja kitenge, akakilaza mbele ya kiatu cha Filipo.

"Vuka, kaka."

Mguu ukanyanyuka! Jamani, ukanyanyuka! Ukavuka, na ule mwingine ukafuata. Wanawake walinikumba kama nzige: huyu anakunja, yule analaza, waliopitwa wanaokota vya nyuma na kukimbilia mbele, wanarushiana, wanacheka, vigelegele vimerudi mara mbili ya vile vya mwanzo. Filipo alikuwa anavuka macho chini, midomo inacheza, na Severina anavuka naye, gauni kalikunja mkononi bila aibu. Mimi nilikuwa nalia, naamrisha, nagombana na kila mtu aliyechelewa kulaza chake.

Mlangoni palikuwa pagumu kuliko pote. Akasita. Nikasikia Elisha anapita pembeni yangu, na nikajua amekuja kuchukua nafasi. Kumbe amebeba kitenge. Akapiga magoti kwenye kizingiti, akakilaza mwenyewe, akainua uso.

"Pita, kaka. Nipo chini hapa."

Filipo akampita.

Ndani wanawake walilaza vitenge njia nzima mpaka madhabahuni. Mchungaji alisubiri, akafuta miwani, akauliza ni nani amemleta binti huyu. Siku hizi sauti ya mume wangu ni ndogo, hata mezani huwa naomba arudie. Kanisa zima lilinyamaza kumsikiliza.

"Mimi baba yake," akasema. "Nimemleta kwa miguu yangu."

Nilipiga kigelegele mahali ambapo hakikupangwa, na mchungaji akanisubiri nimalize.