Foronya ya Tatu

Enid Barraclough alikuwa na desturi ya kufika mapema kupanga viti, na Jumanne hiyo desturi ilimponza. Alikuwa amebakiza viti viwili tu pale Graham Illingworth alipomwita mezani amwonyeshe kitu.

Graham, mfamasia mstaafu, ndiye aliyekuwa na zamu ya kuongoza. Kila Novemba Chama cha Wasikilizaji wa Santuri cha Thornroyd kilifanya shindano lake katika chumba cha nyuma cha kanisa la Wamethodisti: kazi moja ya kwaya, rekodi nne, kila moja ndani ya foronya ili jalada lisionekane, na wanachama wanatoa alama bila kujua ni nani anayeimba. Watu kumi na wanne, nusu yao na vifaa vya kusikia masikioni, wakikunjiana nyuso juu ya nani kaimba vizuri. Mtu asicheke. Walikuwapo waliokuwa hawasalimiani tangu shindano la 1994.

Mwaka huo wa 2002 kazi ilikuwa "Naamani". Kule kwenye miji ya viwanda vya sufu mtoto huijua "Naamani" kabla hajajua njia ya shule. Amiri mwenye ukoma anazama mtoni mara saba, na kila anapozama kwaya nzima inanguruma mpaka vioo vya madirisha vinalia. Baada ya mara ya saba, kimya. Kisha alto, wanawake wa sauti ya pili, peke yao, taratibu, wanaimba kwamba amepona. Wanaume ambao hawakutoa chozi kwenye mazishi ya mama zao walilitoa hapo.

"Ya kwetu imo," Graham alimnong'oneza, akichungulia foronya ya tatu. "Ile ya 1961. Wameitoa upya kwenye sidii, imesafishwa. Tazama hapa nyuma: pamoja na dakika kumi za mazoezi ya asubuhi ile. Sijazisikiliza bado. Ikishinda, nitaipiga yote mpaka mwisho."

"Vizuri sana," Enid alijibu, akaenda kukaa kwenye kiti alichokuwa amekipanga kwa ajili ya mtu mwingine.

Mazoezi ya asubuhi ile. Alikuwapo, safu ya pili, bega kwa bega na Muriel Haigh, rafiki yake wa tangu utotoni. Muriel aliamka siku hiyo na koo limekauka kabisa, akajikongoja mpaka kanisani hivyo hivyo, na mwalimu wa kwaya, Bwana Hirst, akamwambia mbele ya watu mia na ishirini asimame mahali pake, afungue mdomo, asitoe sauti. Vinasa sauti vilikuwa tayari vimewashwa. Kwenye basi la kurudi Muriel alimshika Enid mkono. "Usimwambie Wilfred. Ameshakitangazia kiwanda kizima kwamba mkewe anarekodiwa." Wilfred akanunua nakala tatu siku ya kwanza, na baada ya hapo mtu angeanzia wapi kumwambia?

Muriel alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Kila Jumapili baada ya chakula Wilfred aliiweka santuri na kumsubiri katika sehemu ya alto. Enid alialikwa mara nyingi. "Hapo," Wilfred alikuwa akisema, kidole juu. "Unasikia sauti moja inatetemeka kidogo? Ndiye yeye huyo. Ameguswa." Na mwezi wa tisa, akiosha sahani, alimwambia bila kugeuka kwamba sauti ya Muriel ya kuongea imeanza kumtoka. Hawakuwahi kuinasa popote. Imebaki hii ya kuimba tu.

Sasa Bwana Hirst, kaburini kwake, alikuwa anakuja kumpokonya na hiyo.

Saa nane mchana watu wakajaa. Wilfred aliingia na tai yake ya siku kuu, akakaa karibu na Enid.

"Mbona umevaa kama unaenda kuoa?" Enid alimwuliza.

"Ni siku ya Naamani, bibi wee. Wewe umekuja na sweta la kufugia kuku."

Foronya ya kwanza ilikwenda mbio, kama watu wanaowahi treni. Ya pili iliimbwa na kwaya kubwa kupita kiasi, yaani mto wenyewe ungefurika kabla ya amiri kuingia. Ilipofika ya tatu, Enid aliitambua kwenye pumzi ya kwanza, maana katika pumzi hizo mojawapo ilikuwa yake. Hakuthubutu kugeuza shingo. Wilfred alikuwa amefumba macho na kutabasamu, mikono magotini, na sehemu ya alto ilipofika kidole kimoja kikainuka chenyewe.

Sheria inakataza kusema neno wakati rekodi inapigwa, na Enid ndiye aliyeiandika sheria hiyo. Hata hivyo alitoa pakiti ya peremende, akaipitisha kushoto na kulia, na kila aliyechukua moja alipewa na nong'ono juu yake. "Hii ya tatu, besi wanavuta sana." "Soprano wamekaba." "Umesikia kile kikohozi?" Alikuwa mwimbaji wa kwaya hiyo kwa miaka thelathini na miwili, na alikuwa anaisengenya kwa peremende. Alijichukia. Lakini rekodi yenye alama za chini hutolewa na hairudi tena kwenye mashine, na hicho ndicho alichokitaka. Kwenye karatasi yake aliandika mbili.

Ya nne ilikuwa ya mahali fulani pa baridi zaidi ya Thornroyd. Waliimba kila nota mahali pake, na hakuna aliyeguswa.

Graham alijumlisha alama, akakuna kichwa. "Inayotoka ni foronya ya tatu," alisema, akaitoa sidii nje. "Nasikitika kuwaambia kwamba ni kwaya yetu wenyewe."

Watu wakatazamana, kisha wakamtazama Wilfred, kisha wakatazama peremende zao. Wilfred alikuwa anafungua na kufunga kifungo cha koti lake.

"Nilidhani watu wangemsikia," alisema hatimaye, polepole, kwa Enid peke yake. "Sidhani kama nimekuwa nikijidanganya. Wewe ulimsikia, sivyo?"

Enid alisema chai imechemka.

Haikuwa imechemka, ila alikwenda na kusimama karibu na birika akikata keki ya tangawizi vipande vidogo kuliko kawaida. Alikuwa amefaulu, na alijiona mtu mbaya kuliko wote waliomo chumbani. Ndiyo sababu hakuwa anamtazama Graham. Graham alikuwa na moyo laini, na kumwona mzee yule akihangaika na kifungo kulimshinda.

"Wilfred," aliita, "tusubiripo chai tuipige ile ya ziada. Angalau mazoezi. Sheria haisemi kitu juu ya mazoezi."

"Graham, hapana," Enid alisema, kisu mkononi.

Lakini alikuwa ameshabonyeza.

Viti vya mwaka 1961 vikakwaruza. Mtu akakohoa. Sauti ya Bwana Hirst ikatoka, kavu vilevile, ikiwataka besi waache kuburuza miguu. Kisha: "Bibi Haigh wa safu ya pili. Nimekusikia, mama, na nisingependa kukusikia tena. Leo fungua mdomo tu, sauti usitoe."

Kicheko kidogo cha kwaya. Halafu ikaja sauti ya mwanamke, imekwaruza, imejaa mafua na utundu: "Haya, Bwana Hirst. Ila mume wangu akiuliza, nimeimba kama malaika."

Kwaya nzima ikaangua kicheko, na Hirst mwenyewe ndani yake.

Enid alikuwa amesahau hilo. Alikumbuka aibu tu. Kwamba Muriel alijibu, na alijibu hivyo, kulikuwa kumemtoka kabisa. Aliinua macho. Wilfred amesimama, mkono juu ya mgongo wa kiti.

"Rudisha," alisema.

Graham alirudisha. *Haya, Bwana Hirst.* Wilfred alisogea hatua mbili karibu na mashine.

"Tena."

Iliwabidi waisikilize mara tano. Hakuna aliyegusa keki. Mara ya tano midomo ya Wilfred ilikuwa inakwenda pamoja na mkewe, na machozi yanamtiririka bila yeye kuyajali.

"Ndivyo alivyokuwa anaongea," aliwaambia, kana kwamba wangembishia. "Hasa na mafua. Hivyo hivyo hasa."

Alijifuta uso kwa tai ya siku kuu. Kisha akageuka. "Kwa hiyo hakuimba."

"Hakuimba," Enid alisema.

"Na ile sauti inayotetemeka? Nimekuwa nikimsikiliza nani miaka arobaini na moja?"

"Mimi."

Wilfred aliiachia tai ikaanguka kifuani. "Wewe. Na ulikuwa unakaa kwangu Jumapili, unakula nyama yangu, unanitazama nikikuinulia kidole."

"Aliniapisha, Wilfred. Ningefanyaje?"

"Leo umetupa ngapi?"

"Mbili."

"Mbili," alisema Wilfred. "Mimi nimekupa kumi."

Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia akacheka, na Enid akajikuta naye anacheka huku analia, kisu cha keki bado mkononi. "Kutetemeka kwenyewe hakukuwa kuguswa," alisema. "Niache nikwambie yote basi. Aliambiwa afungue mdomo, akaufungua. Lakini unamjua. Aliufungua kama kiboko. Kila neno, mashavu, nyusi, shingo, bila sauti hata chembe, na uso wa kumcha Mungu. Upande wangu huu. Ile nota nilikuwa nazuia kicheko, Wilfred. Nilidhani nitakufa. Kutetemeka huko kote ni yeye."

Birika lilichemka, na hakuna aliyekwenda kulizima.

"Basi yumo," Wilfred alisema.

"Yumo."

Akarudi kwenye kiti chake, akakivuta kikawa karibu na kile cha Enid, akaketi na kufumba macho. Graham hakuhitaji kuambiwa. Aliitafuta ile sehemu baada ya mara ya saba, na katika kile kimya kabla ya alto kuingia, Wilfred aliinua kidole.