Amejua Kupanda

"Nyoosha goti, usiniibie," mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa akimwambia msichana wa darasa la sita, chini ya ngazi za shule. Mtaalamu huyo wanafunzi walimbatiza Bibi Nyoosha, na jina lilikuwa limemganda. Msichana miguu yake ilikuwa dhaifu tangu utotoni, ila kwa mdomo alikuwa hajambo.

Darasa la sita liko ghorofani. Aliyeijenga shule ile sijui alidhani watoto wote ni paka. Kila asubuhi baba mtu alimbeba bintiye mgongoni mpaka juu, na kila asubuhi binti alifumba macho kwa aibu. Mazoezi haya, yaliyolipiwa na serikali kwa fungu la afya, ndiyo yaliyokuwa tumaini lake. Leo afisa wa afya anakuja kukagua.

"Sikiliza, mwanangu," Bibi Nyoosha akanong'ona. "Akiona huwezi kabisa, atasema tunapoteza hela. Akiona umeweza, atasema umepona. Kwa hiyo panda kidogo, halafu choka."

"Nichoke vipi?"

"Hema. Shika kiuno. Fanya kama mwalimu mkuu akipanda."

Msichana alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Afisa akaingia, tumbo limetangulia. Akazitazama ngazi kwa mashaka. "Mtoto akiwa kitandani, huyo ni wetu. Huku kwenye ngazi naona ni mambo ya elimu."

"Watu wa elimu wanasema miguu ni afya," Bibi Nyoosha akajibu. "Na kitandani, bwana afisa, atapanda nini?"

Afisa akaguna. "Haya binti, panda tuone."

Msichana akashika mkono wa ngazi, akapanda taratibu. Alipofika kati, Bibi Nyoosha akakohoa. Wapi! Juu kule wenzake wa darasani walikuwa wamejazana wakimtazama, na mtoto gani atakubali kuchoka kwa makusudi mbele ya darasa lake? Bibi Nyoosha akakohoa tena, kikohozi cha kulazwa. Msichana akaendelea mpaka akafika juu kabisa, kwa miguu yake mwenyewe.

Darasa zima likapiga vigelegele. Bibi Nyoosha naye akajikuta anapiga makofi, machozi ya furaha na hasira yanamtoka pamoja.

"Hongera sana," afisa akasema. "Amepona. Mazoezi yake tunayafunga leo."

"Bwana afisa, amejua kupanda tu. Kushuka ndiko kugumu, na mazoezi yake tumeyapanga muhula ujao."

"Mama, sisi hatuna nusu mgonjwa."

Msichana alisikia kila neno. Akaketi kwenye kipandio cha juu, akaitandaza sketi yake vizuri.

"Usije kunichukua, Bibi," akasema. "Na baba msimwite. Bwana afisa amesema nimepona, basi naomba anieleze nashukaje."

Afisa akamtazama, akaitazama saa yake. "Huyu mtoto ana mdomo," akasema, akaenda zake.

Kengele ya mapumziko ikalia. Darasa la sita likamiminika kwenda kucheza, likipita pembeni yake, na kila aliyempita akishuka mbio alimwambia hongera. Yeye aliitikia asante, mmoja baada ya mwingine, mpaka ngazi zikabaki tupu.