Mshipi wa Dirishani

Pritesh alianza kumwonea wivu mke wake siku mteja mmoja alipoingia dukani, akampita yeye aliyekuwa amesimama kaunta, akachungulia mlango wa nyuma na kuuliza, "Mama Ruchi yupo?"

Ilikuwa mwaka 1994, Geita mjini. Duka lilikuwa la Pritesh, alilirithi kwa baba yake, na jina lake ndilo lililoandikwa juu ya mlango. Aliuza misumari, mabati, makarai na sururu za wachimbaji dhahabu wa Rwamgasa. Zana za uvuvi aliziongeza baadaye, kwenye kona moja tu, kwa sababu magari ya viwanda vya samaki yalikuwa yakitoka Mwanza hadi mwalo wa Nkome, kando ya ziwa, kununua sangara, na kila mwenye mtumbwi alikuwa anatafuta mshipi wa kuvulia. Lakini mwenyewe hakujua lolote kuhusu mishipi. Kwao hawakula samaki, na ziwa alikuwa akiliona kwa mbali tu, akiwa safarini.

Mke wake Jasumati alijua. Kwao nako hawakula samaki, ila baba yake alikuwa ameuza nyavu, ndoano na mishipi Musoma kwa miaka thelathini, na Jasumati alikulia nyuma ya kaunta ile. Mvuvi akija, hakumwonyesha kitu kwanza. Alimuuliza.

"Unavua wapi, kwenye mawe au kwenye tope? Maji yake meupe au yamechafuka? Unavuta peke yako au mko wawili?"

Ndipo alipochagua rola ya mshipi. Alivuta mshipi kama urefu wa mkono, akaupitisha polepole kati ya midomo yake huku amefumba macho, akitafuta mahali palipokwaruzika. Akafunga fundo, akalilowesha kwa mate, akalikaza, kisha akaushtua mshipi kwa mikono miwili.

"Watu wanadhani mnene ndio mzuri," aliwaambia. "Mnene sana unajikunja majini, na penye maji meupe sangara anauona. Mwembamba sana nao utakukata vidole. Chukua huu. Unavutika kidogo, kwa hiyo samaki akishtuka haukatiki. Ule usiovutika kabisa utamchana mdomo, aondoke zake."

Wavuvi walimsikiliza kama wanavyomsikiliza daktari. Walirudi wakimsimulia samaki waliowapata, wakionyesha ukubwa kwa mikono, naye akacheka na kuwaambia wapunguze kidogo. Alijifunza hata kuwasalimia kwa Kisukuma. Asubuhi mtu hajavuka kizingiti, alishasikia "Mwangaluka!" kutoka kwa Jasumati, na Pritesh alisikia jinsi sauti yake ilivyokuwa nyepesi. Kwake yeye sauti hiyo ilikuwa haijatumika kwa muda mrefu.

Siku moja mchana, Jasumati alipokwenda nyumbani, nyuma ya duka, kumlaza mtoto wao Ruchi, Pritesh alichukua rola moja, akavuta mshipi na kuupitisha kati ya midomo yake. Hakuhisi kitu. Akarudia. Ulikuwa uzi tu, baridi, wenye ladha ya plastiki. Mteja alipoingia, akauficha haraka kana kwamba amefumaniwa.

Mtu aliyemkera kuliko wote aliitwa Selestine, mvuvi wa Nkome, mrefu, mwenye kifua kipana na kicheko kilichofika barabarani. Selestine alikuja kila baada ya wiki mbili tatu. Kwa kuwa alijua hawali samaki, alileta mapapai.

"Haya ya Mama Ruchi," alisema akiyaweka kaunta. "Mshipi ule alionichagulia, mpaka leo haujaniangusha."

Mapapai yalikuwa matamu. Ruchi aliyala hadi yakamchuruzika kidevuni. Pritesh alisema tumbo linamsumbua.

Alijua hakuna jambo baya lililokuwa likiendelea. Hata usiku, akiwa macho, alijiambia hivyo. Walizungumza mbele yake, kuhusu nailoni na mawe. Lakini alipowatazama, vichwa vyao vimeinama juu ya fundo moja, aliona kwamba Selestine alikuwa anamfahamu Jasumati mmoja ambaye yeye hamfahamu. Hilo ndilo lililomchoma. Afadhali angekuwa mwizi, angemfukuza.

Mwishowe alimwambia mke wake, "Kuanzia kesho ubaki nyumbani. Dukani nitakaa mimi."

"Kwa nini?"

"Watu wanasema."

"Watu gani, Baba Ruchi?"

"Watu."

Jasumati alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. "Sawa," alisema. "Ila kuna boksi stoo, nimeliandika KUANIKIA. Zile ni rola zilizokaa dirishani mwaka mzima. Zinang'aa, lakini jua limezila, ndani zimekauka. Ni za kuanikia nguo tu. Usimuuzie mvuvi."

"Nimesikia."

Wiki mbili zilipita. Wavuvi walikuja, wakamuulizia Jasumati, wakajibiwa hayupo, wakanunua kwa kubahatisha au wakaondoka bila kitu. Siku ya Jumatano Selestine akaingia na mapapai yake mawili.

"Habari za hapa, Baba Ruchi? Mama yupo?"

"Anapumzika."

"Ah." Selestine alikuna kichwa. "Unajua, kuna mawe pale nje ya Nkome, karibu na kile kisiwa cha ndege. Pana sangara mmoja, mkubwa. Ameshanikatia mishipi miwili. Tunakwenda kesho, mimi na shemeji yangu Masele. Sasa mshipi wa mahali kama pale, nisingependa kukosea."

"Hii yote ni mishipi. Chagua."

Selestine aliitazama rafu, kisha akatabasamu kwa upole, kama mtu anayemwomba mtoto kitu. "Nenda kamuulize tu. Mwambie ni mawe makali, maji meupe, tunavuta wawili. Yeye atajua. Mimi nitasubiri."

Nenda kamuulize. Katika duka la baba yake.

Pritesh aliingia stoo. Kutoka pale alimsikia Jasumati uani akimwimbia Ruchi wimbo wa Kigujarati, hatua kumi tu kutoka aliposimama. Hakwenda. Alisimama gizani mpaka aliona muda unatosha kwa mtu kwenda kuuliza na kurudi. Kisha akainama, akafungua boksi lililoandikwa KUANIKIA, akachukua rola iliyong'aa kuliko zote.

"Amesema huu," alisema.

Selestine aliipokea. Hakuivuta, hakuikagua. "Kama ni yeye amesema, sina neno," akajibu. Akalipa, akatoka akipiga mluzi.

Jioni ile Pritesh alijisikia vizuri, karibu kama mtu aliyekunywa. Alicheza na Ruchi. Akasifia chakula. Lakini alipoamka asubuhi, jambo la kwanza alilofikiria lilikuwa mtumbwi. Kulikuwa na gari linalokwenda Nkome saa mbili, angeweza kumpa dereva ujumbe. Alitoka hadi mlangoni, akaliona linapakia. Angesema nini? Kwamba mke wake amekosea? Au kwamba yeye amedanganya? Akajiambia kuwa huenda mshipi ule bado una nguvu, na samaki mwenyewe huenda hayupo. Gari likaondoka.

Siku ya Ijumaa mwanamke aliingia dukani bila kusalimia. Alikuwa amefunga khanga kiunoni, miguu yake imejaa vumbi, na mkononi ameshika kipande cha mshipi alichokiviringisha.

"Namtaka Mama Ruchi."

"Wewe ni nani?"

"Paskalina, mke wa Selestine. Niitie Mama Ruchi."

Jasumati alikuwa ameshasikia. Alitokea mlango wa nyuma akiwa amembeba mtoto, akasema, "Karibu, mama. Kuna nini?"

"Mume wangu yuko hospitali," Paskalina alisema. "Jana walimnasa yule samaki wao. Masele anasema walimvuta mpaka wakauona ubavu wake, mweupe, kama mlango. Mshipi ukakatika. Walikuwa wameegemea kwa uzito wao wote. Masele alianguka majini akaogelea. Selestine aliangukia mgongo kwenye ukingo wa mtumbwi. Mfupa wa mtulinga umevunjika, na mbavu mbili. Anapumua kwa shida." Akauweka mshipi juu ya kaunta. "Anasema wewe ndiye umemchagulia. Nimekuja unieleze."

Jasumati alimweka Ruchi chini. Akachukua kile kipande, akakikunja kati ya vidole viwili. Kilikatika, tiki, kama kijiti kikavu. Akakikunja tena, kikakatika tena. Hakuhitaji kukipitisha mdomoni.

"Mimi sikuuchagua huu," alisema taratibu.

"Sasa unakana?" Sauti ya Paskalina ilipanda. "Ulipokuwa unapewa mapapai hukukana! Ulipokuwa unasifiwa mwalo mzima hukukana! Leo mtu amevunjika, unasema si wewe?"

"Mama, nakuambia kweli. Sikuulizwa."

"Mwongo!"

Wapita njia wawili walisimama mlangoni. Jasumati alimgeukia mume wake, akamtazama tu. Pritesh aliona kwamba tayari anajua, kila kitu, kuanzia boksi mpaka zile dakika za kusubiri stoo. Akaona pia kwamba hatamtaja. Angesimama pale aitwe mwongo mpaka yeye mwenyewe aseme, au asiseme.

Pritesh alishika ukingo wa kaunta.

"Ni mimi," alisema. "Nilimdanganya mume wako. Nilisema mke wangu ndiye amechagua, lakini hata sikumuuliza. Mshipi huu nilijua umeoza."

Paskalina alimkazia macho. "Ulijua? Kwa nini sasa?"

Mbele ya mwanamke aliyetoka Nkome na vumbi lile miguuni, sababu ya Pritesh ilikuwa ndogo mno kutamkwa.

Alasiri alifunga duka, akaenda hospitali peke yake. Selestine alikuwa amelala chali, bega limefungwa kwa bendeji pana, uso umechoka. Paskalina alikuwa ameshamweleza. Pritesh alisimama miguuni mwa kitanda.

"Ulijua haufai?" Selestine aliuliza. Kila maneno machache alisimama avute pumzi.

"Nilijua."

"Nilikukosea nini?"

"Kila ukija," Pritesh alisema, "unamuulizia yeye."

Selestine alimtazama kwa mshangao mkubwa, kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ngeni. "Naulizia mshipi, Baba Ruchi," alisema mwishowe. "Mshipi tu." Akafumba macho. "Masele hajui kuogelea vizuri. Ungekuwa umemuua. Toka, nataka kulala."

Pritesh alitoka. Kwa miezi mitatu alipeleka unga na maharage Nkome, kwa mikono yake mwenyewe, na kila mara Paskalina alipokea mlangoni bila kumkaribisha ndani. Selestine alipona, ila mkono wa kulia haukuinuka tena juu ya bega. Masele ndiye aliyekuwa akivuta. Selestine alishika kasia. Dukani hakukanyaga tena. Rola zake alikuja kuzichukua Paskalina, naye alizungumza na Jasumati peke yake.

Kwa sababu Jasumati alikuwa amerudi kaunta. Hakuomba ruhusa. Asubuhi iliyofuata siku ile ya Ijumaa aliamka, akafagia kona ya zana za uvuvi, akasimama pale. "Hii ni yangu," alimwambia mume wake. "Wewe una misumari na mabati. Na ukitaka kuniambia watu wanasema, uwalete hapa niwasikie."

Kwa wiki nyingi hakumwambia kingine zaidi ya chakula tayari na mtoto ana homa. Pritesh aliona afadhali angepigiwa kelele. Siku moja, duka likiwa tupu, alisogea hadi kwenye kona ile na kuomba afundishwe fundo. Jasumati alikata mshipi urefu wa mkono, akampa. Pritesh alifunga vibaya, akafungua, akafunga tena vibaya. "Liloweshe kwanza," alimwambia. "Likikazwa kavu linajichoma lenyewe."

Wivu haukumwisha. Angependa kusema umekwisha, lakini hakuwa mtu wa kujidanganya tena. Alasiri moja ya Desemba waliingia wavuvi watatu wa Nungwe, wakasema jambo, na Jasumati akacheka kicheko kile chepesi. Pritesh alihisi kitu kikimkaza kifuani, palepale pa siku zote. Aliweka chini nyundo aliyokuwa anaifunga kwenye karatasi. Nje gari la saruji lilikuwa limefika, akavua shati, akaenda kubeba mifuko pamoja na wapagazi, mmoja baada ya mwingine, mpaka kifua kikalegea na akaweza kurudi ndani.