Banio la Yule wa Juu

Kwa Bunlieng, jirani yake hakuwa na jina. Tangu jirani huyo alipojenga banio lake la kuzuia maji juu ya la Bunlieng kwenye kijito kile kile, Bunlieng alimwita "yule wa juu", tena kwa kubetua mdomo. Kila nyumba pale mlimani ilikuwa na dainamo yake ndogo ya umeme ndani ya maji, na waya uliotundikwa kwenye mianzi mpaka nyumbani. Masika taa ziliwaka mpaka macho yakauma. Kiangazi, maji yakipungua, kila mtu alimshuku aliye juu yake.

Jioni moja ya kiangazi binti wa Bunlieng, Sida, alijifungua mtoto wa kike. Furaha haikudumu. Damu iligoma kukatika, na taa nayo ikafifia mpaka ikawa nyekundu.

"Mwanga, mama!" mkunga alisema. "Amechanika na sioni pa kushona. Hiki kibatari kinanitia moshi tu!"

"Ni yule wa juu! Kayafunga maji aangalie televisheni yake!" Bunlieng akachukua panga, akapanda ukingoni akitukana njia nzima, matusi ambayo mwanamke wa umri wake alipaswa kuwa ameshayasahau.

Alimkuta mwenyewe ndani ya maji baridi mpaka kiunoni, anang'oa mbao za banio lake kwa mikono. Dainamo yake ilikuwa imelazwa ukingoni, na nyumba yake giza tupu.

"Panga la nini, Mama Sida?" alisema, meno yakigongana. "Kama ni la kunikata, ngoja nimalize ubao huu. Tumesikia kelele kwako, taa yako tukaiona inakufa. Nimewaita na wa juu zaidi wafungue."

Bunlieng akatazama mlimani. Nyumba moja ikazima, kisha nyingine, halafu ile ya kileleni. Maji yakaja kwa kishindo, yakamlowesha mpaka magotini.

"Unanitumbulia macho ya nini? Rudi kwa mwanao!"

Alishuka mbio. Katika mlima mzima ilikuwa inawaka nyumba yake tu, na ndani mkunga alikuwa anashona. Damu ilikatika. Sida akaomba maji ya kunywa, na Bunlieng akalia kwa shukrani bila kujificha.

Kulipokucha ikaja habari kwamba yule wa juu ana homa. Pale mlimani kila mtu alijua maana yake: aliyepigwa na baridi mtoni, roho yake imebaki majini, hairudi mpaka iitwe kwa jina. Mkewe alikuwa anapita na yai, wali wa kunata na uzi mweupe, anakwenda kuiita.

"Lete hapa," Bunlieng alisema. "Nitaiita mimi."

"Wewe? Kwani jina lake unalijua?"

"Lete, nimesema!"

Akasimama penye banio lililobomolewa, uzi mkononi.

"Khamsen!" akaita. "Khamsen ee! Toka huko kwenye baridi. Mwanangu mzima, mjukuu wangu mzima. Asante, Khamsen. Rudi nyumbani."

Kisha akapanda kwa mgonjwa, akamfunga ule uzi kwenye kifundo cha mkono, roho isitoke tena.

"Umekaza mno, Mama Sida," Khamsen alinung'unika.

"Vumilia," alisema, akaongeza fundo. "Sitaki utoroke tena."