Uso wa Zarunge

Kwa siku tisa Awiti alimchora Zarunge, na kwa siku tisa mhariri wa kitabu alimrudishia michoro. Zarunge ni yule mfalme wa giza katika hekaya za Nchi Saba, ambazo watoto wengi wa mtaa wa Mbotela walisomewa kabla ya kulala. Pembe zilikuwapo, meno yalikuwapo. Mhariri aliandika kwamba huyu hamtishi mtu, na kwamba kesho ikifika saa sita mchana kazi atapewa mwingine.

Alasiri hiyo baba yake, Jackton, alisinzia kitini. Mwezi Machi mshipa wa uso wake ulipooza, upande wote wa kushoto ukaanguka, na tangu hapo wageni wakija huuelekeza ukutani. Awiti alimtazama, akachukua penseli. Kwa nusu saa alichora shavu lililoteremka na mdomo uliopinda, na kwa mara ya kwanza Zarunge akapata uso. Ndipo alipoona alichokifanya, akanyoosha mkono aichane karatasi.

"Lete," alisema Jackton. Alikuwa macho.

Alikuwa amekagua mabehewa ya reli kwa miaka thelathini na mmoja, na karatasi hiyo aliikagua vivyo hivyo, kuanzia ukingoni, bila haraka. Awiti alianza kuomba radhi. Alimweleza habari za mhariri, akaahidi kutafuta uso mwingine. Mzee aliendelea kuikagua mpaka mwisho.

"Jicho umelikosea," alisema, midomo ikikutana kwa shida. "Umelifumba. Hili halifumbiki hata nikilala."

"Baba, sikutaka…"

"Najua. Umenihurumia. Kule reli, ufa hauandikwi mdogo kwa sababu unalipenda behewa." Akapumzika kidogo. "Na huyu Zarunge umemsahau? Ulipokuwa mdogo, mimi nasoma habari zake, wewe unalikojolea godoro langu kwa hofu. Leo unamfanya mpole?"

Awiti alicheka, kisha akaichukua tena karatasi.

Mzee alimwomba amgeuzie kiti, upande wa kushoto uelekee mlangoni, penye mwanga. Awiti akakigeuza. Watoto wa jirani walipita, wakachungulia, wakasalimu. Jackton aliwaitikia bila kugeuza uso. Jicho likatoka machozi, kama lifanyavyo kila linapokutana na mwanga. Awiti akayapangusa kwa pindo la leso, akaendelea kuchora kope ya chini.