Kitambaa Chekundu cha Mama Kipeo

Mkuu wa shule alinunua gari, na gari likakosa kivuli. Macho yake yakatua kwenye nguzo ya mpira wa kikapu. Nguzo ile ikiondoka, aliwaambia walimu, pale patajengwa kibanda cha gari, na wanafunzi nao watapata nafasi ya kusoma hesabu wanazofeli kila muhula. "Mpira huu ni mbio za sakafuni," akamalizia, "na ukingoni tumeshafika."

Mwalimu wa hesabu, ambaye wanafunzi walimwita Mama Kipeo akishawapa mgongo, hakuwahi kurusha mpira maishani mwake. Ila binti yake alikuwa darasani mwake, mrefu kama marehemu baba yake, wenzake wakamwita Ngazi. Tangu baba afariki, uwanja ule ndio mahali pekee mtoto alipocheka. Basi mdomo ukamponyoka mama wa watu. "Nipe wiki moja, Mkuu. Nitawafundisha milinganyo ya kipeo cha pili kwa mpira huohuo."

"Haya. Mpira uingie kwa hesabu, mbele yangu. Usipoingia, Jumamosi fundi anakuja na msumeno."

Wiki nzima darasa likachora njia ya mpira: unapanda, unafika kileleni, unashuka, na mlinganyo mmoja unaeleza safari yote. Mama Kipeo akakokotoa kilele, kisha akafunga kamba ya kuanikia nguo juu ya uwanja, akaning'iniza kitambaa chekundu palepale penye kilele. Mpigaji asimame kwenye alama ya chaki, apitishe mpira juu kidogo tu ya kitambaa. Mengine, alisema mwalimu kwa kujiamini kupita kiasi, mlinganyo utayamaliza wenyewe.

Siku ikafika. Mkuu akaja na kiti chake. Ngazi akarusha, mpira ukapita juu ya kitambaa kama ulivyoagizwa, ukakiruka kikapu, ukagonga ubao na kurudi mbio hadi miguuni pa Mkuu.

Akarudia, ikawa yaleyale.

"Kumbe hata hesabu zinafeli," Mkuu akasema, akikunja miguu.

Mama Kipeo alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na chaki zake. Ngazi hakumtazama, alikuwa anatazama mlinganyo ulioandikwa sakafuni, mdomo wazi.

"Mwalimu, ile c ya mwisho si ndiyo urefu kutoka chini hadi mkono unapoachia mpira?"

"Ndiyo hiyo."

"Ulipima mkono wa nani?"

Mwalimu akautazama mkono wake. Alikuwa amepima jikoni kwake, ukutani, mkono wake mwenyewe, na yeye ni mtu ambaye sufuria za rafu ya juu huteremshiwa na mwanawe.

"Mama jamani!" Ngazi akapiga kelele. "Umeweka c yako! Mimi nimekuzidi mkono mzima!"

Wawili hao walikuwa wamekubaliana kwamba neno "Mama" linaishia kwenye geti la shule. Darasa likaangua kicheko, na Mama Kipeo akacheka nao, macho yamejaa machozi, kwa sababu mtoto wake alikuwa amelishika somo hasa. Kweli mganga hajigangi. Mara watu waliosinzia tangu muhula uanze wakawa wanagombania chaki. Mmoja akapiga magoti sakafuni akikokotoa upya, wenzake wanamsahihisha kwa makelele.

"Kilele kisogee huku, kwa mpigaji!"

"Kidogo tu! Utaharibu!"

Kitambaa kikasogezwa. Ngazi akarusha. Wavu ukalia.

"Bahati tu hiyo," Mkuu akasema, akavua koti. Akasimama kwenye alama, akarusha. Mpira haukugusa hata ubao. Akarusha tena, ukaenda kwenye maua.

"Hicho kitambaa si changu," akalalamika. "Hamjanipima."

Jumamosi fundi alikuja na msumeno wake. Alimkuta Mkuu uwanjani, koti limetupwa juu ya boneti, ameinua mkono wima kwenye nguzo, Ngazi juu ya stuli akimpima kwa futi na Mama Kipeo akiandika.

"Nianzie wapi, bosi?" fundi akauliza.

"Kaa hapo kwanza," Mkuu akamjibu bila kushusha mkono. "Hukati kitu mpaka nifunge hata moja."

Nguzo bado ipo.